Dhidi ya Asiyejulikana

Jumanne baada ya alasiri, Wagdi Surur, mpelelezi mstaafu wa polisi wa Aleksandria, alikuwa akichambua dengu jikoni Nagati alipoingia na ndoo yake. Nagati alikuwa mtumishi wa ndani, na alikuwa amekufa miaka kumi na moja, tangu aliposukumwa kutoka roshani ya bwana wake, ghorofa ya nne. Nywele zake zilichuruzika maji ya sabuni.

"Nimeshadeki," akasema Esmat, mke wa Wagdi. "Kanyaga hapo kwenye gazeti."

"Si hilo! Lina habari zangu," Wagdi akamaka.

Nagati alikuja kwa ajili ya habari hizo. Wagdi alikuwa ameigeuza kesi ya Nagati kuwa riwaya: michubuko shingoni, maneno ya bawabu, simu kutoka kwa wakubwa. Nagati hakujua kusoma, akaomba asomewe wahakiki wamesemaje.

Wagdi akasoma. Mhakiki alisifu mtiririko wa upelelezi, ila mtumishi aliyeuawa alimwona hana uhai wa kutosha.

"Hapo kasema kweli," akasema Nagati, akifuta kioo cha dirisha.

"'Ujasiri mkubwa wa mwandishi,'" Wagdi akaendelea, "'ni kutomtaja muuaji hata mwishoni.'"

Kitambaa kikasimama.

"Hukumtaja, Afande?"

"Wangekipiga marufuku kitabu."

"Mama yangu bado anafua katika nyumba ileile niliyosukumwa. Anawaombea dua kwa wema wao. Nilidhani atasomewa kitabu, ajue."

"Hata kwenye jalada la kesi hakumtaja," Esmat akadakia. "Aliandika, 'Dhidi ya asiyejulikana.' Wakubwa wakamsifia mwandiko. Huyu mume wangu ana bahati ya kusifiwa."

Wagdi akachukua kalamu, akafungua ukurasa wa mwisho wa kitabu chake, akaandika herufi ya kwanza ya jina. Alikaa nayo mpaka wino ukakauka. Kisha akafunika kalamu, akarudi kwenye dengu.

Nagati akamaliza kioo, akahamia cha pili.

Kitabu kilichapishwa tena, kikapata tuzo. Wahakiki wakarudia kuusifu ule ukimya. Nagati huja kila Jumanne, na Esmat humtandikia gazeti la zamani.

Jumamosi mama yake huenda kufua. Mashati ya yule bwana huyapiga pasi mwisho, yasijikunje.