Kisima Namba Tatu

Usiku wa jana, ndotoni, niliitwa ofisi ya kata kuhojiwa na kipaza sauti. Kimekaa kwenye kiti cha mtendaji. Kimevaa tai.

"Mzee Kalyango," kikaniambia, "unaharibu kampeni yetu ya kipindupindu."

"Mnatangaza watu wasichote kisima namba tatu," nikajibu. "Mtaani kwetu nani anajua namba? Tunajua kwa Bi Kashindye, tunajua kwa Fundi Baiskeli. Hizo namba ziko kwenye daftari lenu."

"Ujumbe umefika."

"Umefika wapi?"

"Kwenye ripoti."

Sikucheka. Mwaka tisini na nane walitangaza hivyo hivyo, namba tatu, namba tatu, gari likapita mara saba. Mke wangu Mwashi akajitwika ndoo kwenda kwa Bi Kashindye, kisima hicho hicho, huku akisikitika: "Masikini, hao watu wa namba tatu!" Kesho yake jioni tulimzika. Wao wamesahau. Mimi sijasahau.

Ghafla ofisi ni kisima chenyewe. Tuko chini kabisa, kwenye maji, na maji yanapumua. Juu yetu binti yangu Nyamizi anateremsha ndoo.

"Mwambie!" nikakisihi. "Sema kwa Bi Kashindye. Maneno matatu tu!"

"Hayajaidhinishwa. Halafu huyu si mlengwa. Walengwa ni kaya zenye redio."

Bango lenye picha ya muuguzi linabanduka ukutani mwa kisima, gundi inachuruzika. Linanishika mashavu. "Tabasamu kwanza, mzee wangu. Tumefundishwa tusiwatishe watu."

Natabasamu. Najaribu kuacha, siwezi. Meno yananikauka.

"Nawa mikono!" kipaza sauti kinamhimiza Nyamizi. Ananawa, kwa maji yale yale.

"Unaona?" kinaniambia. "Tabia imebadilika."

Nafungua mdomo nimpigie kelele mwanangu. Inatoka sauti ya kile kipaza: zingatia usafi, zingatia usafi. Nyamizi anaitikia kwa kichwa, mtoto mwenye adabu, anachota kikombe, anakipeleka mdomoni.

Hapo nikauona waya wa kipaza sauti, unaning'inia nyuma ya ile tai. Nikaurukia, nikaung'ata kwa nguvu zangu zote.

Nikaamka. Kumekucha. Ulimi wote una ladha ya shaba.

"Nyamizi!"

"Abee, baba!"

"Maji ya leo umechota wapi?"

"Kwa Bi Kashindye. Kwani vipi?"

"Umeyanywa?"

"Bado. Nilishainua kikombe, gari la matangazo likakata sauti ghafla hapo nje, nikatoka kuchungulia. Wamekwama, baba. Wanagombana na fundi wao."

"Wanagombania nini?"

"Waya wa kipaza sauti. Fundi anaapa panya hana meno makubwa vile. Anasema ameung'ata mtu."

Nikamnyang'anya kikombe, nikamwaga. Kisha nikatoka barabarani, bila viatu, kabla hawajaunga ule waya.