Loki ya Mbele

Uani kwa dada yake Nati hapakosi mtu. Ukisikia kimya pale, ujue kuna habari ya mtu inasimuliwa kwa sauti ya chini. Siku Nati, fundi wa magari, alipolaza mgongo chini ya gari la shemeji yake kuifungua difu ya mbele, lile bakuli la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu mawili, ili atie loki ndani yake, majirani walijaa mpaka kwenye ngazi, kila mmoja na lake.

Shida yenyewe ilikuwa moja. Mama wa Nati na dada yake alikuwa kule mlimani, mguu umevimba na umeanza kunuka, na njia ya kumfikia ni ule mwinuko wa utelezi uliokwisha kuwarudisha. Gurudumu moja la mbele lilining'inia juu ya korongo likazunguka bure kama feni, na mwenzake lililokanyaga ardhi likasimama kutazama. Loki ingeyafunga yote mawili yavute pamoja. Kwa machela walishajaribu. Wabebaji waliteleza wakamwangusha, akaapa habebwi tena. Na mvua ilikuwa inanukia. Ikishanyesha, mwinuko ule haupandiki mpaka msimu uishe, na mguu wa mama haukuwa na subira hiyo.

Sasa, ndani ya difu mna vifuniko viwili vya chuma vinavyobana beringi, kimoja huku, kimoja kule. Ukivitazama ni mapacha, lakini kila kimoja kimechongwa na upande wake, kama viatu. Nati huvipiga alama kwa panchi, kijichuma chenye ncha, kabla ya kuvifungua. Siku zote. Ila siku ile shemeji alikuwa anasimulia jinsi mwenye duka alivyofumaniwa kajificha ndani ya pipa la unga, na Nati alicheka mpaka spana ikamtoka mkononi. Akavifungua hivyo hivyo, akavilaza juu ya gunia, cha kulia kulia, cha kushoto kushoto, akaenda kunawa.

Aliporudi, dada yake alikuwa ameshavisugua kwa mafuta ya taa na kuvipanga kwenye sinia, vinang'aa kama vyombo vya wageni.

"Nimekusaidia, maana uchafu wako haukaliki," alisema.

Nati akavigeuza, akavigeuza tena. "Dada, kipi kilikuwa cha kulia?"

"Kwani si sawa vyote?"

Penye wengi pana mengi, lakini jibu la hilo halikuwapo. Nati alivifunga hivi, gia zikawa nzito. Akabadilisha, zikawa nzito vilevile, labda afadhali kidogo. Mchonga vyuma wa kuvipima alikuwa mbali, na mawingu yameshakaa juu ya mlima. Shemeji akasema beringi mpya iliyotiwa pamoja na loki ndivyo ilivyo, italainika njiani. Nati alijua hailainiki. Akakaza boliti.

Kwenye mwinuko alibonyeza swichi, loki ikashika. Gurudumu lililokuwa likizunguka bure sasa lilivuta pamoja na mwenzake, na gari likapanda kweli. Dada, akiwa kiti cha nyuma, akaanza kumshukuru Mungu. Shemeji akasema leo mama mkwe atakubali kwamba binti yake aliolewa na mwanamume. Nati peke yake alisikia mvumo mwembamba mbele, kama mbu sikioni. Ukawa kilio, ukawa mkwaruzo. Harufu ya oili iliyoungua ikaingia dirishani. Kisha beringi ikakamata, magurudumu ya mbele yakagoma, na gari likateleza ubavu likaegemea ukingo.

Dada aliviangalia viganja vyake, bado vinanuka mafuta ya taa, akataka kusema kitu. Nati akamwambia anyamaze, alama ilikuwa kazi yake yeye.

Simu yake ikalia.

"Nalisikia gari, mwanangu," mama alisema, sauti imechangamka. "Furushi langu nimeshafunga. Niko hapa mlangoni nawangoja."

Tone la kwanza liligonga kioo, likafuatwa na mengine.

"Ingia ndani, mama," Nati akasema. "Utalowa."