Safari ya Roho ya Mzee Hashim

Upweke ukimzidi mtu humfundisha mambo. Wengine huwafundisha pombe. Mzee Hashim, fundi viatu mstaafu wa Kitale, ulimfundisha kuitoa roho mwilini na kuirudisha.

Usicheke. Aliyaona kwenye simu. Kijana mmoja mwenye sauti ya upole alikuwa akifundisha wanaoanza: lala chali, tulia, mwili usinzie nawe ubaki macho, kisha inuka taratibu uuache kitandani, uende utakako. Hakuna nauli wala kubisha hodi. Hilo la hodi ndilo lililomnasa mzee, maana alikotaka kwenda asingefunguliwa mlango.

Alitaka kwenda Bungoma kumwona Nimo, binti yake wa pekee.

Nimo aliolewa na Wakoli, mwalimu, Mkristo. Siku alipoleta habari hiyo, Hashim alimwambia mbele ya watu, "Kwangu umekufa." Hakuishia hapo. Alitandika mkeka nje akakaa kupokea pole kana kwamba amefiwa kweli. Hasira hasara. Miaka tisa imepita, mkewe alikuwa ametangulia zamani, na mtaa mzima bado unamwita Baba Nimo. Kila akiitwa hivyo moyo ulimchoma, lakini kumpigia binti simu aliona haya.

Mwalimu wa kwenye simu alikuwa na masharti ya usalama. Usilale umeshiba. Usiende mbali, mwanzoni zunguka chumba chako tu. Ukiogopa, chezesha kidole, utarudi. Na mwambie mtu wako wa karibu, asije akakushtua. Hashim aliyatii yote isipokuwa mawili. Kwenda mbali ndiyo ilikuwa haja yake. Na mtu wa karibu angemtoa wapi?

Alimgusia Maalim Nasir wa msikitini, kwa kuzungukazunguka. Maalim akamtazama. "Mzee Hashim, roho ni amana ya Mwenyezi Mungu. Lala kwa ubavu wa kulia, soma dua yako, wacha kuichezea."

Siku za kwanza hakufika popote. Mashine ya kusaga mahindi ya jirani ilimpigia kelele, na kila akisinzia taya lilidondoka, mkoromo wake ukamwamsha mwenyewe. Asubuhi moja akajitengenezea dawa. Pamba akatia masikioni. Taya akalifunga kwa kitambaa, kutoka kidevuni hadi utosini. Kwa ajili ya nzi akajifunika shuka nyeupe gubigubi, akanyoosha mikono. Mzee aliyesaidia kuosha maiti wengi vile, haikumpitikia hata kidogo alichokuwa amejifanya!

Na siku hiyo alitoka, au aliota kwamba ametoka. Mimi sikuwamo kichwani mwake. Alijiona hewani juu ya barabara ya Webuye, mahindi ya Matulo yakiwa chini yake, hadi mbele ya mlango ambao alijua tu kuwa ni wa Nimo. Ndani watu walikuwa wakicheka. Hakuna aliyemzuia, hakuna aliyemwona. Lakini hata akiwa roho tupu, mzee hakuthubutu kuingia.

Huku nyuma, Phelista, jirani muuza maziwa, aliingia na chupa yake kama kawaida. Akafunua shuka. Phelista si Mwislamu, lakini ameishi nao miaka mingi na anajua wanavyomtengeneza maiti wao.

"Uwii! Baba Nimo! Ati wamemfunga tayari na hakuna mtu ameniambia!"

Akatoka mbio huku akimpigia Maalim, aliyekuwa sokoni. Maalim aliposikia kwamba taya limeshafungwa, hakuwa na shaka tena. Maiti hacheleweshwi. Akampigia Nimo palepale: "Baba yako ametutoka. Tunazika leo. Ukitaka kuuona uso wake, njoo sasa hivi. Na umsamehe, mwanangu, asiende na kinyongo chako."

Maalim alipofika nyumbani kwa mzee alimkuta maiti ameketi kitandani, anachomoa pamba, anauliza kelele ni za nini. Phelista akalia upya, mara hii kwa hasira. Maalim akashukuru Mungu, kisha akatoa simu.

"Wacha nimwambie Nimo arudi."

"Nimo anakuja?"

"Ameshatoka Bungoma. Analia njia nzima."

Hashim aliukamata mkono wenye simu. "Maalim, usimpigie."

"Huo ni ukatili, mzee."

"Akijua niko hai atageuza. Nakuomba."

Maalim akatia simu mfukoni, akatoka nje.

Hashim alioga. Akavaa kanzu safi, akajipaka mafuta mazuri, akamwomba Phelista apike chai ya maziwa. Phelista aliipika akisonya.

Nimo aliingia amejitanda leso nyeusi, macho yamevimba. Akamwona baba yake kitini. "Baba?" Kisha akamwangukia magotini, akamshika mikono, akamshika uso, analia na kucheka. Mzee naye akalia. Furaha ile aliiona kwa macho yake, na hakuna wa kumnyang'anya.

Baadaye Nimo alitulia. Akaiona kanzu iliyopigwa pasi. Akaiona chai mezani, vikombe viwili.

"Si ulijua nakuja, Baba?"

"Nilijua."

"Na ukaniacha nilie mpaka hapa."

"Ningekwambia niko hai, ungekuja?"

Nimo alifikiri kweli. "Sijui. Hujawahi kuniita."

Akasimama, akafuta uso kwa pindo la leso. "Maalim aliniambia nikusamehe. Ilikuwa kazi. Lakini nikifika Webuye nilikuwa nimekusamehe yote, hata ule mkeka."

"Basi mwanangu, si ndiyo—"

"Nilimsamehe maiti, Baba. Yeye hakuwa amenidanganya."

Hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lililomuumiza mzee zaidi. Akambusu mkono, akamuaga Phelista, akaelekea langoni.

"Kaa kidogo, unywe chai."

"Siwezi. Watoto wako karibu kutoka shule."

Hashim alisimama haraka mpaka kiti kikaanguka.

"Watoto? Wangapi?"

Nimo alikuwa ameshavuka barabara, na pale nyumbani hakuna aliyejua jibu.