Kliniki Imehama Tena

Kila asubuhi mwandishi wa tovuti alipangusa makombo ya mkate kwenye kibodi, akaanza kukusanya makosa ya watu. "Uvmbe wa titi." "Uvimbe kweny tti ni sartani?" Mwenye hofu hana tahajia. Kila kosa alilitengenezea ukurasa wake, ili aliyekosea hivyo akitafuta mtandaoni aangukie unga wa mizizi ambao bosi wake aliuuza kama dawa ya saratani. Kazi ya kutia kichefuchefu, naye aliifanya kwa ustadi.

Tovuti ya unga ilipopanda hadi juu kabisa kwenye matokeo ya utafutaji, kliniki ya saratani iliyokuwa ng'ambo ya barabara ilishuka hadi nafasi ya pili. Siku hiyo hiyo jengo lake lilirudi nyuma mtaa mmoja, pamoja na benchi na wagonjwa waliokuwa wameketi. Ilipozidi kushuka kwenye simu za watu, ilipita soko, ikapita gereji, ikaenda kukaa nyuma ya jaa la taka. Madaktari walizoea kuamka mapema zaidi. Majirani walilalamikia vumbi. Pale ilipotoka pakafunguliwa duka la unga.

Bosi alinunua keki. "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," alisema, krimu ikimchuruzika kidevuni. "Basi tujitembeze, jamani!" Ofisi nzima ikacheka, na mwandishi naye akacheka, Mungu amsamehe.

Jioni moja dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao afariki, alimwambia ana uvimbe titini.

"Mbona hukusema mapema?"

"Nilianza kutafuta kwenye simu. Kuna unga unasifiwa kila ukurasa. Watu wote hao watadanganya?"

"Dada, watu wote hao ni mimi."

"Acha utani wako," alisema dada, akaendelea kuosha vyombo.

Kesho yake mwandishi alimwomba bosi azifute zile kurasa, kwa kuwa dada yake anaumwa. Bosi alisikitika kweli. "Pole sana, ndugu yangu. Mpelekee kopo moja, la bure." Akamchagulia kopo kubwa. Uso mkavu kama ule ungepigwa kibao, usingesikia.

Mwandishi akaliacha kopo mezani, akakodi teksi, akampakia dada. Walipita jaa, wakapita mashamba, hata wakaiona kliniki bondeni, mlango wazi, nesi akiita wagonjwa. Hapo simu yake ikalia. Bosi aliwatangazia wafanyakazi wote kwamba ukurasa wa kosa jingine umepanda hadi juu. Kliniki ikajinyanyua taratibu, ikavuka kilima na nesi wake.

"Imehama tena," dereva alisema, akazima gari, akaanza kumenya chungwa.

Dada alishuka, akakaa kando ya barabara, akavua viatu. Miguu ilikuwa imemvimba.

"Basi, mdogo wangu, turudi. Nimechoka kuikimbiza. Ule unga unachanganywa na maji ya moto au ya baridi?"

"Vuguvugu," alijibu. Maelezo hayo aliyaandika mwenyewe.