Kwa Mama Konokono

Kwa miaka mitano mfululizo, Benedicta wa Bukoba na Mwikali wa Nairobi walikuwa na likizo yao wenyewe. Kila mwezi wa saba, makontena yao yakishapelekwa bandarini Nansha na hakuna tena wa kubishana naye bei, walikodi boti ndefu, nyembamba, ya mzee mmoja aitwaye Leung. Walilala humo siku tatu, wakipita polepole katika mifereji ya vijiji vya kusini mwa Guangzhou, huko China, na kila baa iliyotazama maji walishuka wakanywa.

Walijuana mwaka 2004 ndani ya lifti ya jengo moja la maduka ya jumla pale mtaa wa Xiaobei, kila mmoja akiwa amekumbatia robota la suruali. Walikuwa watu wazima, wana watoto wakubwa, na kote kwao mama wa heshima akionekana baa saa sita mchana habari humtangulia nyumbani. Huku mfereji haukuwajua. Wakaweka miguu juu ya benchi, wakavua viatu, wakacheka hovyo.

Baa zile hawakuweza kuyasoma majina yake, wakazibatiza. Kwa Bibi Kapu, ambako ajuza mmoja alipoza bia kwa kuzitumbukiza mferejini ndani ya kapu lenye kamba. Kwa Wazee, ambako wanaume walicheza ule mchezo wa Kichina wa vigae kutwa nzima bila kuinua macho. Na Kwa Mama Konokono, waliyoipenda kuliko zote. Mwenyewe alikuwa mwanamke mnene wa makamo, mkaanga konokono wa mtoni kwa pilipili. Mwikali alikataa kuwaonja miaka miwili. Mwaka wa tatu alikula sahani nzima akaagiza nyingine, na Mama Konokono alicheka mpaka akajishikilia kwenye meza. Tangu hapo, akiiona tu boti ya Leung kwa mbali, alikuwa ameshapanga viti viwili.

Kisha mambo yakaharibika. Mwaka wa Olimpiki ya Beijing, 2008, viza zilianza kuwa za taabu, na mwaka uliofuata polisi wakawa wanasimama milangoni mwa majengo ya barabara ya Huanshi Zhonglu wakidai pasipoti kwa kila mweusi anayeingia na anayetoka. Viza ya Mwikali iliisha mwezi wa tano. Aliomba kuongezewa akanyimwa. Angeondoka, ila kiwanda kilikuwa hakijamaliza nusu ya mzigo wake, na mzigo ukiuacha nyuma namna hiyo umeuaga. Akajifungia chumbani. Benedicta, ambaye karatasi zake zilikuwa safi, ndiye aliyempelekea chakula.

Mwezi wa saba ulipofika, Benedicta akaleta habari ya boti. Mwikali alimwambia haendi. Benedicta akashikilia: polisi wako mjini, nani atawafuata majini? Tena akamlaumu kwamba ameanza kuwa kama mgonjwa. Ukweli ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa amechoka, aliitaka likizo yake, na peke yake isingenoga. Siku ya tatu ya kubembelezwa, Mwikali akafunga mkoba.

Kwa Bibi Kapu palikuwa pamefungwa. Kwa Wazee walipapita bila kushuka. Karibu na adhuhuri wakafika kwa Mama Konokono, na hakukuwa na viti vilivyopangwa. Mwenye baa alitoka hadi gatini, akapunga mkono kama anayefukuza kuku.

"Meiyou," alisema. Hakuna. Ni neno ambalo kila mfanyabiashara wa Xiaobei huambiwa mara ishirini kwa siku.

Benedicta alimwonyesha makreti ya bia yaliyopangwa nyuma yake. Mama Konokono akarudia, meiyou, meiyou, bila kuwatazama usoni.

"Twende, Mama Joyness," Mwikali akamwambia Benedicta taratibu, kwa jina la binti yake. "Huyu hatutaki leo."

"Siendi. Miaka mitano tumekula hapa, leo ndiyo tumekuwa mbwa?"

Akapanda gatini, akavuta kiti mwenyewe, akaketi. Mwikali alisimama kidogo, halafu, kwa kuwa hakutaka kumwacha, akaketi naye. Walikaa hivyo labda robo saa, bila kitu mezani, Benedicta akiwa amekunja mikono. Ndipo polisi watatu walipotoka kwenye kichochoro cha nyuma.

Benedicta alitoa pasipoti yake. Polisi aliigeuza kurasa, akamrudishia, akageukia kwa Mwikali, ambaye hakuwa na la kutoa. Kisha akawanyooshea kidole wote wawili, mmoja baada ya mwingine, akauliza kwa Kiingereza cha kuungaunga kama wao ni marafiki, kama wako pamoja.

Benedicta alikuwa amesikia kuwa anayemficha asiye na viza naye hufutiwa yake. Akasema hapana. Akasema huyu mama hamjui, wamepanda boti moja tu.

Mwikali hakubisha. Alinyanyuka walipomshika mkono, na alipofika kwenye kile kichochoro aligeuka, akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Dawa zangu za presha ziko kwa mkoba, kwa boti. Nipe."

Kumpa kungekuwa kukiri kwamba amemwelewa. Benedicta aliitazama meza. Ni Leung aliyeuchomoa mkoba chini ya benchi, akakimbia nao gatini akamkabidhi.

Wakati wa kurudi, ili aseme chochote, Benedicta alimlaani Mama Konokono kwa kuwaita polisi. Leung alizima injini. Kwa maneno machache ya sokoni waliyoelewana, akirudiarudia mpaka yakamwingia, alimweleza kwamba polisi walikuwa wamepita hapo asubuhi wakasema watarudi. Yule mama alikuwa anawafukuza wakimbie. Kisha akawasha injini, na hadi mjini hakumwangalia tena.

Mwikali alikaa kizuizini wiki tatu, akarudishwa Nairobi. Benedicta hakwenda kumwona hata siku moja. Kiwanda kilipomaliza ile nusu ya mzigo, alipiga simu Nairobi ajitolee kuusafirisha. Simu haikupokelewa. Baada ya siku mbili akaja Kamande, Mkenya mwenye ofisi ya mizigo ghorofa ya nne ya lile jengo la Xiaobei, akasema kwa adabu kwamba Mwikali amemwagiza asimamie yeye, na kwamba Mama Joyness asijisumbue.

"Hakusema lingine?" Benedicta aliuliza.

"Hilo tu, mama."

Alirudi Bukoba mwezi wa nane. Jioni ya kwanza, binti yake Joyness, aliyekuwa akizipenda hadithi za zile baa, akakaa karibu naye akamuuliza mwaka huu yeye na mama Mwikali walikula nini huko mferejini.

Benedicta alikuwa anamenya ndizi. Akajibu kwamba mwaka huu kazi zilikuwa nyingi, hawakwenda.