Kichanja cha Nyoka wa Amri

Nyoka hawakumuua Amri. Lisemwe mapema, maana Kibiti watu wana midomo, na wapo waliokula ubwabwa wa msiba, wakanawa mikono, halafu wakatoka wakinong'ona kwamba kamalizwa na mifugo yake. Amri aligongwa na lori la mchanga barabara kuu, mchana kweupe, akiwa kwenye pikipiki. Alikuwa anatoka kumtoa nyoka kwenye banda la kuku la mtu, kazi aliyokuwa akiwafanyia bure haohao wenye midomo.

Waliobaki nyumbani walikuwa watatu. Mmoja chatu mchanga, Amri alimwita Bibi Harusi kwa jinsi alivyopenda kuficha uso, na wawili ni nyoka wa kahawia wasio na sumu, wale wanaoingia majumbani kufuata panya. Walikaa chumbani kwake kwenye ndoo kuukuu za rangi. Na chumbani humohumo alikaa mjane wake, Nasra, binti wa Ngorongo, yumo ndani ya eda.

Mzee Gharibu, baba yake Amri, alikuwa mtu wa kuogopa nyoka. Alikuwa fundi wa mashua tangu enzi zao za Kiongoroni, kabla hawajahamia Kibiti, na kule kwenye mikoko alishakutana na kila kitu, lakini nyoka, hapana. Amri alipokuwa hai mzee hakukanyaga chumba kile. Sasa kila asubuhi alikaa upande wa pili wa ukuta, akisubiri kumsikia Nasra akizungumza na wale viumbe.

"Amri alikuwa akikushika hivi, eti?" Nasra anamwambia chatu. "Mie mkono wangu mdogo, univumilie."

Hakuna mwingine katika nyumba ile aliyelitaja jina hilo. Bi Sihaba, mkewe mzee, akilisikia tu machozi yanamtoka. Mzee mwenyewe hakuweza kulitamka. Kwa hiyo alikuja kulisikiliza hapo ukutani, na eda nayo ilikuwa inakwisha. Ikiisha, Nasra atarudi kwao. Hana mtoto, hana cha kumweka. Mzee alilijua hilo na lilimnyima raha.

Siku moja Nasra akatoka uani akasema, "Baba, ndoo zimepasuka. Bibi Harusi atatoroka."

"Nikutafutie nyingine?"

"Marehemu mwenyewe alitaka kuwatengenezea kichanja. Mabeseni yanaingia chini ya mbao, yamebana, hayana vifuniko. Mbao ya juu ndiyo kifuniko. Unavuta beseni, unaweka panya, unarudisha."

Mzee akamtazama mkwewe, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi akahisi mikono yake ina kazi.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na boriti za msinzi, mti mgumu wa mikokoni, zilizotoka Kiongoroni kwa mashua, kisha kwa gari. Zilikuwa za nyumba ya Amri, nyumba ambayo angeijenga mwaka huu. Hakuna aliyethubutu kuzigusa. Mzee akazibeba moja moja hadi chumbani, Nasra akiwa amezisogeza ndoo za nyoka pembeni kabisa.

"Boriti za nyumba ya mwanangu?" Bi Sihaba akauliza.

"Nyumba ipi tena, Sihaba?"

Bi Sihaba akarudi jikoni.

Alikijenga kichanja kile jinsi anavyojua kujenga, yaani kama mashua. Miguu ya boriti, mapingo ya kukingama nayo ya boriti, kila kiungo kimechongwa kwa tezo kikakaa ndani ya mwenzake, na vigingi vya mti badala ya misumari. Mbao akazipiga randa mpaka beseni likiingia, hata unyasi haupiti juu yake. Jamani, nyoka watatu tu, wala si tembo! Alipomaliza, ndoo zilizopasuka akaenda kuzitupa mwenyewe jalalani.

Bi Sihaba alikuja kutazama. Akakizunguka, akakisukuma kwa bega, kisitikisike. Akatazama kichanja, akatazama mlango.

"Baba Amri, kitatokaje hiki?"

"Kitoke kiende wapi?"

Bi Sihaba alimwelewa. Walioana zamani sana. Akamwonea huruma.

Eda ikaisha. Nasra akaoga, akabadili nguo, na kaka yake, Ismaily, akaja kumchukua na gari la kukodi. Mizigo ilikuwa michache. Nasra akasema, "Na nyoka."

Ismaily aliingia chumbani, akajaribu kuinua pembe ya kichanja, akatoka anahema. "Hiki hakipiti mlangoni hata kwa dua. Na hayo mabeseni hayana vifuniko, nani atakaa nayo garini? Waache, dada."

"Aliniachia mimi. Bila wao siondoki."

"Basi ubaki nao."

Mzee Gharibu alikuwa kasimama mlangoni, na moyo wake ukaruka kwa furaha. Ndicho alichokitaka. Atabaki, na kesho asubuhi atamsikia tena ukutani. Kisha akamwona Nasra usoni. Alikuwa amekaa kitandani, kafungasha, na analia kimyakimya, kwa sababu mama yake yuko Ngorongo anamsubiri na hapa kilichobaki ni cha marehemu tu. Mzee akaona haya. Akaona alichokuwa anakijenga siku zote zile ni kizimba, na kwamba alimjengea mtoto wa watu.

Akaenda kuchukua nyundo.

Vigingi havikutoka kirahisi, maana alivipiga visitoke. Akavigonga kimoja kimoja, akachomoa mbao ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akazikata kwa msumeno kwa kipimo cha mabeseni, akazitoboa kwa keke ili nyoka wapate hewa. Nasra akawa anamshikia mbao.

Beseni la mwisho lilikuwa la Bibi Harusi. Chatu alikuwa ametoa kichwa, kakilaza ukingoni, na kifuniko hakikai. Mzee akarudi nyuma hatua moja. Halafu akamshika, kwa mkono wake, akamrudisha ndani taratibu. Alikuwa baridi na laini. Akafunika, akafunga kamba.

"Umemshika kama yeye, baba," Nasra akasema.

Mzee akalibeba beseni mwenyewe mpaka garini.

Wakaagana. Nasra akambusu mkono, akamkumbatia Bi Sihaba kwa muda mrefu, na gari likaondoka na mabeseni yamepangwa siti ya nyuma.

Baada ya sala ya alasiri Bi Sihaba alikuwa anachambua mchele alipomsikia mtu anaongea upande wa pili wa ukuta. Akasogea, akachungulia chumbani. Kichanja kilikuwa kimebaki boriti tupu, kama mbavu za mashua iliyoachwa, na mzee kakaa chini mbele yake, kiganja kakigeuza juu, anakitazama.

"Amri," alikuwa anasema. "Amri, mwanangu. Wameshaondoka. Leo nimemshika yule wako. Hakuniuma."

Bi Sihaba akaweka ungo chini, akaingia, akaketi naye.