Mkono Ulioachia Mpira

Mwalimu wa fizikia alikuwa mjane, na marehemu mumewe alikuwemo ndani ya kompyuta ya shule. Si mzima, mkono tu. Zamani walifundisha pamoja katika chumba hichohicho anachofundishia sasa, na siku moja mume alipanda juu ya meza, akaachia mpira kando ya rula ya mita, mke akarekodi. Video nyingine zote zilitikisika au hazikuwa na rula, nayo programu ya kupima mwendo, bila rula, haijui mita ni nini. Basi kila mwaka mjane alitumia hiyohiyo, ila aliiamuru programu ianzie pale mpira ulipokwisha kushuka kidogo. Mkono ukabaki nje. Hakuwahi kuufuta, wala kuutazama.

Wanafunzi walibofya mpira picha moja moja, vitone vikashuka ukutani, projekta ilikomulika, vikizidi kuachana. Ndipo Chiriku, binti asiyejua kunyamaza, akapaza sauti.

"Mwalimu, grafu yetu ina mchawi."

"Mchawi gani tena, mwanangu?"

"Umesema mpira uliachiwa tu, haukurushwa. Mbona unaanza tayari una kasi? Nani kausukuma?"

"Jini!" akadakia jirani yake. Darasa zima kicheko.

Mwalimu hakucheka. Miaka yote wenzao walimeza walichopewa. Leo kapatikana mtafunaji. Angesema tu, "Mmebofya vibaya," nao wangeandika hivyo. Lakini mtoto aliyeona sawa utamwambiaje ni kipofu? Mficha maradhi, kilio humuumbua.

"Hukukosea," akasema. "Mwanzo wa video haumo. Ngoja."

Akabonyeza kurudi nyuma. Mpira ukapanda, picha baada ya picha, kama unaoitwa. Kule juu vidole vikatokea, vikaupokea. Ukutani vilikuwa vikubwa kuliko alipokuwa hai, na kwenye mkunjo wa shati kulikuwa na vumbi la chaki.

"Nani huyo?" Chiriku akauliza.

"Mume wangu."

Feni ya projekta ikasikika.

"Pole, Mwalimu," akasema Chiriku. "Basi tuache?"

Alitamani kuacha. Kule juu bado kaushika. Asipobonyeza, hakuna kitakachoanguka.

"Bado hajaachia," akanong'ona, na hakuna aliyejua anamwambia nani. Kisha akajikaza. "Weka kitone, binti yangu. Hapo ndipo mwanzo."

Chiriku akaweka. Mwalimu akabonyeza mbele. Vidole vikafunguka, mpira ukaenda zake. Vitone vilipokwisha, mstari wa kasi kwenye grafu ukaanzia sifuri, umenyooka.

"Kumbe!" wakasema watoto, kwa sauti ya chini kama walio msibani.

Video ilikuwa ingali inakwenda. Mpira umelala sakafuni, na mkono uko palepale hewani, wazi, haujateremshwa. Mwalimu akainuka kwenda ukutani kuwaonyesha ile sifuri. Alipoingia kwenye mwanga, vidole vikamtua begani. Akasimama hivyo, kidole chake kwenye grafu.

Hakuna mtoto aliyethubutu kumwambia asogee.